Bei si Hakimu wa Sauti

Nazi hupimwa kwa kutikiswa, mtungi kwa kugongwa, na kitambaa kwa kuvutwa. Karibu kila kitu kiuzwacho kina njia ambayo mnunuzi aweza kukijaribu kabla hajatoa fedha yake. Ajabu ni kwamba chombo cha kusikilizia muziki hununuliwa na watu wengi bila kujaribiwa na kiungo kinachohusika. Hupimwa na jicho, ambalo husoma bei. Au hupimwa kwa sifa, ambayo hutoka katika kinywa cha mtu mwingine. Sikio, ambalo ndilo litakaloishi na chombo hicho, huitwa mwisho, wakati fedha imekwisha kutoka. Insha hii ni mashtaka juu ya desturi hiyo.

Katika kata ya Itaka, Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nilipata kusikia vijana wawili wakishindana wakati wa msimu wa kuuza kahawa. Walishindana juu ya visikilizio vya masikioni, vile vidogo vizibavyo tundu la sikio, ambavyo wao waliviita iafoni. Wa kwanza alidai kuwa vyake ni bora kwa sababu vilinunuliwa kwa fedha nyingi zaidi, tena vina jina linalojulikana. Wa pili alijibu kwamba kila sikio lina pendo lake, na kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema kipi bora na kipi duni. Mzee mmoja aliyeketi karibu aliwasikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mmekwisha kubadilishana mkasikiliza?" Hapana aliyemjibu.

Ugomvi ule mdogo ni mfano wa ugomvi mkubwa ulioenea duniani kati ya wapenzi wa vyombo vya sauti, na pande zake mbili ni zile zile. Upande mmoja umelinyang'anya sikio kazi yake na kuipa bei. Upande wa pili umelipa sikio ufalme usio na sheria. Mimi napingana na pande zote mbili. Nasema sikio ndilo hakimu. Lakini hakimu huyo, kama mahakimu wote wa haki, hana budi kusikiliza mashahidi wote, kutojua nani tajiri na nani maskini kati ya wanaodai mbele yake, na kutoa hukumu ambayo aweza kuirudia kesho bila kubadili neno.

Na tuanze na bei. Visikilizio vya namna hii havikuzaliwa kuwa pambo. Sehemu ya ufundi wake ilitoka katika vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilitoa visikilizio vilivyoitwa ER-4. Na mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti aliyefanya kazi na bendi ya Van Halen, aliasisi Ultimate Ears, ili mwanamuziki aliye jukwaani aweze kujisikia mwenyewe katikati ya kishindo cha spika. Vilifinyangwa kwa kalibu ya sikio la mtu mmoja, wala havikumfaa mwingine. Kwa mwimbaji, chombo hiki kilikuwa jembe, na hapana mtu mwenye akili amlaumuye mkulima kwa kununua jembe zuri. Lakini chombo kiliposhuka jukwaani na kuingia madukani, jembe lilifanywa taji.

Leo U12t ya kampuni ya 64 Audio, yenye vispika 12 katika kila sikio, imeuzwa kwa karibu dola 2,000 za Marekani. Mwaka 2022 kampuni ya 7Hz ya China ilitoa Salnotes Zero, yenye kispika kimoja katika kila sikio, kwa karibu dola 20. Bei ya kwanza ni mara 100 ya bei ya pili. Je, utamu nao ni mara 100? Mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha mwaka 2017 matokeo ya vipimo vya visikilizio 283 vya aina mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila kimoja na namna kinavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, jambo ambalo ndilo nguzo ya ubora wa sauti. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na mgawanyo huo. Vya ghali havikukaribiana kwa sauti zao kuliko vya rahisi, wala fedha haikuonekana kuelekea upande wowote.

Nitajibiwa kwa methali isemayo kuwa rahisi ni ghali. Methali ni kweli, lakini imeitwa kutoa ushahidi katika kesi isiyokuwa yake. Bei kubwa yaweza kununua waya usiokatika upesi, kasha gumu, dhamana ya matengenezo, na kalibu ya sikio la mwenyewe. Mambo hayo yana thamani, na atakaye kuyalipia na ayalipie. Lakini waya mgumu si sauti, na dhamana si wimbo. Zaidi ya hayo, jina kubwa juu ya kasha laweza kughushiwa, na aliyezoea kununua jina ndiye wa kwanza kuuziwa jina tupu. Wahenga waliona mbali waliposema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Bidhaa ambayo sifa yake ya kwanza ni ughali wake imeanza safari ya kujitembeza.

Sasa nageukia upande wa pili, nao ni mgumu zaidi kwa sababu umevaa vazi la unyenyekevu. Asemaye kwamba kila sikio lina pendo lake huonekana mpole, asiyetaka kumlazimisha mwenziwe. Tena sehemu ya maneno yake ni kweli. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa karibu sentimita 2.5, na kwa maumbile yake huzidisha nguvu ya sauti zenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde. Ukiliziba tundu la sikio kwa kisikilizio, umeliondolea zidio hilo, na mtengenezaji hana budi kulirudisha kwa ufundi. Lakini hajui urefu wa njia ya sikio lako, hukisia tu. Vile vile, kizibo cha mpira kisipokaa barabara, besi huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa, na mtu hulaumu chombo kwa kosa la kizibo. Umri nao una kodi yake: kadiri miaka inavyozidi, ndivyo sikio linavyopoteza zile sauti nyembamba kabisa. Kwa hiyo watu wawili waweza kuvaa chombo kimoja, wakasikia sauti mbili, na wote wawili wakasema kweli.

Walakini tofauti ya masikio si sababu ya kuvunja mahakama. Kuanzia mwaka 2012, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walifanya majaribio mengi juu ya mapenzi ya wasikilizaji. Katika majaribio yao waliwasikilizisha watu sauti za visikilizio mbalimbali zilizoigwa kupitia chombo kimoja, ili msikilizaji asijue jina, umbo wala uzito wa kile anachokihukumu. Katika uchunguzi mmoja waliona kwamba wasikilizaji 64 katika kila 100 walipenda mgawanyo mmoja wa sauti. 15 walitaka besi zaidi ya hapo. Na 21 walitaka besi pungufu. Hesabu hii yawashinda wagomvi wote wawili. Kama kila sikio lingekuwa na pendo la peke yake, hao 64 wasingekutana mahali pamoja. Na kama kungekuwa na pendo moja tu kwa wanadamu wote, hao 36 wasingebaki nje.

Msomaji asisahau kwamba Harman ni kampuni iuzayo vyombo vya sauti, wala asisahau jambo jingine lililo kubwa zaidi. Walipotaka kujua kama mapenzi hubadilika kwa umri, uzoefu na utamaduni, waliwajaribu watu wa Kanada, Marekani, Ujerumani na China. Afrika haikuwamo katika orodha hiyo. Siwalaumu kwa kutofika Itaka. Mtu huanza na jirani zake. Nalaumu sisi, ambao tumekaa tukingoja kuambiwa masikio yetu yapenda nini, kisha tunabishana kwa majina ya makampuni kana kwamba kubishana ni kusikiliza.

Yafaa pia kutenga maneno mawili ambayo wagomvi wetu huyachanganya: "nakipenda" na "ni kizuri". Mtu aweza kupenda chai yenye vijiko vitano vya sukari, na hapana wa kumzuia. Lakini akisema kuwa chai isiyo na vijiko vitano si chai, amevuka mpaka wa pendo na kuingia katika hukumu, na hapo atadaiwa ushahidi. Kijana apendaye besi ing'urumayo hana kosa. Kosa huanza anaposema kwamba chombo kifunikacho sauti ya mwimbaji ni chombo bora. Pendo ni mali ya mtu. Ubora ni mali ya watu wote, na mali ya watu wote hugawanywa mbele ya mashahidi.

Mashahidi hao Itaka inawajua vizuri kuliko miji mingi, kwa sababu ya kahawa. Mkulima wa Mbozi huchuma, humenya, huanika, na kupeleka zao lake katika chama cha ushirika. Baada ya kukobolewa, sampuli ya buni huchomwa, husagwa, na kumiminiwa maji ya moto katika vikombe vilivyopangwa mezani. Mwonjaji huvunja utando wa juu kwa kijiko, hunusa, huvuta funda kwa kishindo, kisha hutema. Kikombe kina nambari. Hakina jina la mkulima, wala habari za jasho lake, wala bei aliyoitumaini. Katika kipimo cha alama 100 kitumikacho na wafanyabiashara wa kahawa ulimwenguni, kikombe kisichofikia alama 80 hakihesabiwi katika kahawa za daraja maalumu. Mkulima hawezi kusimama penye meza ile na kusema, "Kahawa yangu ni bora kwa sababu ni ghali." Wala hawezi kusema, "Kila ulimi una pendo lake." Angechekwa.

Basi nauliza: kwa nini buni itokayo Itaka ihukumiwe na mtu asiyejua jina, na visikilizio viingiavyo Itaka vihukumiwe kwa jina peke yake? Kwa nini jasho letu lipimwe kwa kikombe chenye nambari, na bidhaa ya wengine ipimwe kwa kasha lenye nakshi? Hii si haki katika biashara, wala si heshima katika akili. Mtu anayekubali kupimwa na akakataa kupima amekubali kuwa mtumishi katika soko ambalo fedha yake ndiyo inayolilisha.

Mtihani ninaoutaka hauhitaji maabara. Na wakusanyike watu 10 wa kwaya, na mtu mmoja asiyeimba awe msimamizi. Visikilizio viwili vifunikwe majina yao kwa karatasi, kimoja kiandikwe A na kingine B, na bei isitajwe mpaka mwisho. Wimbo uwe ule ule, na sauti isawazishwe kwa uangalifu, kwa maana sikio hudanganyika: kilicho na sauti kubwa kidogo huonekana kitamu zaidi, hata kama hakina ubora wowote zaidi. Kila mmoja achague kizibo kinachomkaa barabara, na kizibo kifutwe kabla ya kuingia katika sikio la mwingine. Nusu ya wasikilizaji waanze na A, nusu waanze na B. Kila mmoja aandike hukumu yake kimya kimya, pasipo kutazama uso wa jirani. Kama vyombo hivyo vingekuwa sawa kwa wasikilizaji, kura 9 au zaidi kwa kile cha ghali zingepatikana kwa bahati karibu mara 1 tu katika 100. Basi zikipatikana, nitakuwa wa kwanza kukiri kwamba fedha imenunua kitu. Zisipopatikana, mwenye chombo cha ghali hana budi kutafuta hoja nyingine au kunyamaza.

Mtu atauliza kwa nini nimewataja wanakwaya. Nimewataja kwa sababu wao wanayo mizani ambayo tajiri wa mjini aweza kuikosa. Mtu aliyesimama miaka mingi kati ya waimbaji wa sauti ya pili na waimbaji wa besi, katika chumba kisicho na spika, anajua sauti ya binadamu inavyotoka kifuani kabla haijapitia waya wowote. Aliyezoea kusikia muziki kupitia mashine tu hulinganisha mashine na mashine, kama mtu alinganishaye picha mbili za mtu asiyemfahamu. Mwanakwaya anamfahamu mwenye sura. Akirekodi kwaya yake kwa simu, kisha akaisikiliza kwa chombo A na chombo B, kosa la simu litakuwa lile lile katika vyote viwili, na tofauti itakayobaki itakuwa ya vyombo. Huo ni utajiri wa Itaka, nao haukuandikwa juu ya kasha lolote.

Wanafunzi na wanazuoni wasidhani kwamba jambo hili ni la vijana wenye simu tu. Hazina kubwa ya fasihi yetu imo katika sauti. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri, mashine za wakati ule hazikuweza kushika sauti nzito sana wala nyembamba sana. Kilichobaki ni sehemu ya kati, makazi ya sauti ya mwimbaji. Baada ya Uhuru, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikusanya kanda nyingi za dansi, taarabu, kwaya na ngoma. Anayesikiliza kazi hizo kwa chombo chenye besi nyingi hufunika mashairi kwa ngurumo. Na anayezisikiliza kwa chombo kikali mno husikia mchakato wa santuri kuliko mwimbaji. Sauti za s, sh, ch na th hukaa juu, katika mitetemo ya maelfu kwa sekunde. Chombo kikizipunguza, "saka" yaweza kuandikwa "shaka", na mstari wa shairi ukapotea katika tasnifu ya mtu mwenye shahada. Vivyo hivyo kwa mkusanyaji wa nyimbo za Kinyiha katika vijiji vya Mbozi: kosa la chombo chake litakuwa kosa la kitabu chake, na wajukuu wa waimbaji watarithi kosa hilo kama urithi halali. Kwake yeye, kuchagua kisikilizio ni sehemu ya uaminifu wa kazi.

Najua hoja ya mwisho itakayoletwa, nayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Itasemwa kwamba watu wa vijijini wana haja ya maji, barabara na zahanati, na kwamba mazungumzo ya utamu wa sauti ni anasa isiyowahusu. Wasemao hivyo hunywa asubuhi kahawa nzuri iliyotoka katika mikono ya watu hao hao. Aliyeweza kuotesha kitu kizuri kwa ajili ya ulimi wa wengine hakunyimwa na Mungu sikio la kujua kizuri. Tena ni maskini hasa ambaye apaswa kupima kwa ukali, kwa sababu tajiri akikosea hununua tena, lakini maskini akikosea amepoteza mavuno.

Liko pia jambo la afya, ambalo bei haliligusi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Ikipanda hadi desibeli 90, muda wa usalama hushuka kuwa saa 4 tu. Chombo cha dola 2,000 huua sikio kama chombo cha dola 20, kikifunguliwa mno. Na kizibo kinachokaa barabara, kiwe cha bei yoyote, huzuia kelele za nje na kumwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ndogo. Malori yapitayo Tunduma yakiharibika hununuliwa spea. Sikio halina spea. Hakimu akifa, kesi zote za sauti zimekwisha, na mshindi wake ni ukimya.

Kwa hiyo nawarudia wale vijana wawili wa Itaka. Wa kwanza namwambia aifiche bei yake mpaka hukumu itoke. Wa pili namwambia alinde pendo lake, lakini asilitumie kama ngao ya uvivu wa kupima. Na sisi tulio katika vyuo tusiwacheke, kwa maana wengi wetu tumesifu vitabu, waandishi na shule za fikra kwa jina lililo juu ya kasha, wala hatukujaribu kufunika jina na kusoma. Swali la yule mzee halijajibiwa bado, nalo latuhusu sote: mmekwisha kubadilishana mkasikiliza?